Lost: majina ya wahusika ndiyo yaliyonirudisha

Lost, tamthilia ya televisheni, ilirushwa Marekani kuanzia 2004 hadi 2010, misimu sita, na hadi leo watu wanabishania mwisho wake. Mimi nimeirudia kwa ajili ya majina. Abiria wa ndege iliyoanguka kisiwani, pamoja na watu waliowakuta huko, wanaitwa Locke, Hume, Rousseau, Bakunin: wote majina ya wanafalsafa. Kama hujaitazama, ujue nitafichua mambo.

John Locke, Mwingereza wa karne ya 17, alifundisha kwamba tunazaliwa akili zikiwa tupu na maarifa yote tunayapata kwa kupitia mambo. Locke wa kisiwani ni mtu wa imani, kwa hiyo wengi husema jina lake limewekwa kinyume. Sikubaliani nao. Tazama sehemu ya nne ya msimu wa kwanza. Mzee huyu alipanda ndege akiwa hawezi kutembea. Baada ya ajali amelala mchangani, anaona vidole vya mguu wake vikicheza, kisha anasimama. Hakuhubiriwa na mtu, yamemtokea mwilini. Imani yake imetokana na aliyoyapitia mwenyewe.

Ninayempenda zaidi ni Desmond Hume, Mskoti kama David Hume. Mwanafalsafa huyo aliuliza: tukiona jambo moja likifuatwa na jingine, tunajuaje kwamba la kwanza limelisababisha la pili? Alisema ni mazoea yetu tu. Sasa mtazame Desmond: anaishi chini ya ardhi, na kila dakika 108 anaingiza namba kwenye kompyuta na kubonyeza kitufe ili dunia isiangamie. Anabonyeza, dunia ipo. Ipo kwa sababu amebonyeza? Mwishoni mwa msimu wa pili anapekua karatasi za kumbukumbu na kukuta kwamba siku aliyochelewa kubonyeza ndiyo siku ndege ilipoanguka, 22 Septemba 2004. Niliirudisha nyuma nikaitazama tena.

Si kila jina limebeba uzito huo. Rousseau, mwanamke aliyeishi peke yake msituni miaka 16, linamkaa: mwenye jina alimsifu mtu wa asili, aliye mbali na jamii. Bakunin halimkai: mwenye jina alipinga kila mamlaka, huyu wa kisiwani anatii amri.

Lakini Bentham! Locke anapotoka kisiwani kwenda kuwashawishi wenzake warudi, anapewa jina la Jeremy Bentham. Anashindwa akiwa hai. Maiti yake ndiyo inayowarudisha. Bentham halisi, aliyefariki 1832, aliyepima kila jambo kwa manufaa yake kwa walio wengi, aliagiza mwili wake uhifadhiwe na kuwekwa hadharani, na hadi leo uko University College London. Hapo nawavulia kofia waandishi.

Msimu wa tatu unaanza kwa kusuasua. Vumilia ufike sehemu ya nane, Desmond anapojikuta akiishi tena siku zake za London na kujaribu kuzibadilisha.