Uzoefu wangu: fungu la stempu za ushuru za viberiti na dawa za Marekani

Nilinunua mtandaoni fungu dogo la stempu ambazo kampuni za viberiti na za dawa nchini Marekani zilibandika kwenye bidhaa zao kati ya mwaka 1862 na 1883 kuonyesha kwamba ushuru umelipwa, na ninalipendekeza kwa mkusanyaji yeyote aliyezoea stempu za posta pekee.

Ushuru huo ulianzishwa ili kugharimia Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Viberiti, vilivyoingizwa kwenye ushuru huo mwaka 1864, vilitozwa senti 1 kwa kila njiti 100. Sheria iliruhusu kampuni kugharimia uchongaji wa bamba la kuchapia stempu yake yenyewe na kupata punguzo la asilimia 5 hadi 10 kulingana na kiasi ilichonunua, na ndiyo maana stempu hizi, ingawa ni risiti za serikali, zina majina ya wafanyabiashara na pengine hata sura zao. Katika fungu langu kuna za watengenezaji wa viberiti Barber wa Akron, Swift & Courtney wa Wilmington na za mtengenezaji wa dawa Dr. J. C. Ayer wa Lowell. Uchongaji wake ni wa hali ya juu sana, kwa kuwa zilichapwa na wachapaji walewale waliotengeneza stempu za serikali, wakianza na Butler & Carpenter wa Philadelphia.

Mnunuzi mgeni atashtuka kuona zimechanika. Stempu ilibandikwa mahali pa kufungulia ili ipasuke mteja anapofungua, kwa hiyo nzima kabisa ni chache, na mimi siihesabu mipasuko midogo kuwa kasoro ya kumlaumu muuzaji.

Kinachostahili kuangaliwa kwa makini ni karatasi. Zipo za karatasi ya kawaida, za karatasi yenye nyuzi za hariri iliyoanza kutumika mwaka 1871, za karatasi ya waridi, na za karatasi yenye alama ya maji (alama iliyo ndani ya karatasi, inayoonekana kwenye mwanga) ya herufi USIR, kifupi cha United States Internal Revenue, yaani mapato ya ndani ya Marekani, iliyoanza mwaka 1878. Stempu ya kampuni ileile yenye picha ileile inaweza kuwa ya bei ndogo kwenye karatasi moja na ghali kwenye nyingine. Muuzaji wangu alipiga picha za nyuma ya kila stempu, nyuzi zikionekana, na nilipozikagua kwa kioo cha kukuzia nikakuta maelezo yake ni sahihi. Kwangu hilo ndilo lililofanya bei iwe ya haki, kwa sababu picha ya mbele haitoshi kumwezesha mtu kujua ananunua nini.

Ufungaji haukuniridhisha: stempu zilitumwa ndani ya vifuko vya plastiki laini, ilhali karatasi ya umri huu inahitaji vifuko vya karatasi nyororo isiyo na asidi, nami nilizihamisha siku ileile. Nitanunua tena kwake, nikiomba vifuko hivyo mapema, na safari hii nitatafuta za dawa zaidi, hasa zile za Dr. D. Jayne & Son wa Philadelphia.