Matembezi ya ufukweni kwa wenye wasiwasi: maoni yangu

Nilijiandikisha kwenye matembezi haya ya kikundi kwa sababu usingizi ulikuwa umenikimbia na kifua kilinibana kila jioni. Daktari wangu alikubali kwa sharti moja: dawa na vikao vya ushauri nasaha viendelee.

Kilichonifurahisha zaidi ni kiongozi wetu. Hakutuhutubia. Alituacha tutembee pekupeku kwenye mchanga uliolowa, simu zikiwa mikobani, kisha tukaketi na kupumua kwa kufuata mawimbi: wimbi likija unavuta pumzi, likirudi unaitoa polepole. Kutoa pumzi taratibu husaidia kutuliza mapigo ya moyo, nami nilihisi mabega yakilegea. Asiyetaka kuzungumza hakulazimishwa, na kwangu hilo lilizidi yote.

Utafiti wa watu karibu 20,000 nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa waliokaa kwenye maeneo ya asili, fukwe zikiwemo, angalau dakika 120 kwa wiki walielekea zaidi kusema wana afya njema na wanaridhika na maisha. Haukuthibitisha kwamba bahari ndiyo iliyowaponya. Ndiyo maana tangazo la huduma hii linalodai "tiba kamili" limenikera sana. Mwenye sonona anaweza kuacha dawa kwa maneno kama hayo. Liondolewe.

Kivuli ni haba, na kikao cha mchana kinachosha kwa jua. Chagueni cha asubuhi. Mimi nimeshalipia awamu inayofuata.