Nimezunguka Seattle na mama kuangalia sanaa za jiji, natoa nyota 4 kati ya 5

Mama alikuja kunitembelea mwezi wa saba, mara yake ya kwanza huku, na siku ya tatu tukashuka treni Capitol Hill tukawa tunatembea Broadway kutafuta duka la simu, ghafla nikaona hayupo pembeni yangu. Kugeuka nyuma namuona kainama anaangalia chini, pochi kaikumbatia kifuani. "Mwanangu, hizi nyayo za nani?" Ni nyayo za viatu za shaba, zimezamishwa ndani ya zege la njia ya waenda kwa miguu, za mwanaume na za mwanamke, zimepangwa hatua kwa hatua na jina la dansi limeandikwa hapo hapo: Rumba. Mama yangu ana miaka sitini na nane na enzi zake Jumapili jioni Dar alikuwa hakosi dansi, basi akanishika mkono akasema haya simama hapo, wewe ndo mwanaume, anza na wa kushoto. Tukacheza. Watu wanapita na kahawa zao wanatupisha, kuna dada mmoja akasimama akapiga makofi, na mama akimaliza akaniuliza swali ambalo ndo limenifanya niandike haya yote: "Sasa hizi nani anazing'arisha?"

Kwa sababu kweli zilikuwa zinang'aa. Hizo nyayo ni kazi ya msanii Jack Mackie, ziko pale tangu 1982, zaidi ya miaka arobaini watu wanazikanyaga na mvua ya Seattle wote mnaijua, halafu bado unasoma kila hatua. Kuna dansi ya tango, ya waltz, ya mambo, na kuna dansi nyingine msanii kazibuni mwenyewe. Nikamwambia mama subiri nitakujibu, na nilichokuja kukikuta nataka niwaeleze kama mtu anavyoeleza huduma aliyoitumia, maana mimi nakaa huku na kodi nalipa, na kwangu hii ni huduma ya jiji kama maji na taka.

Pesa kwanza, maana bila hiyo hamna kitu. Mwaka 1973 Seattle walipitisha sheria ndogo ya jiji kwamba mradi wa ujenzi wa jiji unaostahili, uwe barabara, bustani, bomba la maji au umeme, 1% ya pesa yake inakatwa inaenda kwenye sanaa. Ilikuwa kati ya miji ya kwanza kabisa Marekani kufanya hivyo. Chukulia mradi wa dola milioni 10, laki moja ya dola ni ya sanaa, na haisubiri meya awe na moyo mzuri mwaka huo wala haisubiri mfadhili, inaingia kwenye mfuko maalumu wa sanaa wa jiji. Mimi hapa ndo nimewapa nyota nzima bila kubisha. Nimekulia sehemu ambayo sanaa ya barabarani inakuja na mgeni mkubwa, mgeni akiondoka rangi inaanza kubanduka na hakuna fungu lolote lililoandikwa jina lake.

Halafu nani anachagua? Kuna Ofisi ya Sanaa na Utamaduni ya jiji, ina wafanyakazi wake, na pembeni kuna tume ya sanaa ambayo ipo tangu 1971, makamishna wake ni raia wa kujitolea, wengine wameteuliwa na meya wengine na baraza la jiji. Ndani yake kuna kamati ya ushauri ya sanaa za umma inayopitia mipango na miradi, na kila mwaka ofisi inatoa mpango unaoonyesha pesa ya idara gani inaenda kwenye kazi gani. Ukifika mradi wenyewe wanakaa jopo, ndani kuna wasanii, watu wa mtaa husika na watu wa idara inayojenga, wanapitia maombi wanachagua msanii. Yaani diwani hawezi kuamka asubuhi akasema mpeni shemeji yangu. Inachukua muda, ndiyo, mradi unaweza kukaa miaka toka tangazo mpaka kitu kisimame, lakini mimi bora wachelewe kuliko kushtukia sanamu asubuhi hujui imetokea wapi.

Kitu kingine kilichonigusa ni kwamba msanii anaweza kuingizwa mapema kabla zege halijamwagwa. Kaskazini ya mji kuna kituo cha kupozea umeme kinaitwa Viewlands-Hoffman, na mnajua kituo cha kupozea umeme kinavyokuwa, waya, uzio, kibao cha fuvu, watoto wanakatazwa kusogea. Mwishoni mwa miaka ya 1970 jiji likawaweka wasanii watatu, Andrew Keating, Sherry Markovitz na Buster Simpson, wakae meza moja na wahandisi wakachore kituo pamoja. Wao nao wakaleta ndani kazi za wazee wawili mke na mume wa mashariki ya jimbo la Washington, Emil na Veva Gehrke, waliokuwa wanatengeneza vitu vya kuzunguka upepo ukivuma kwa vyuma chakavu na vyombo vya nyumbani vilivyotupwa, vimepakwa rangi kama vile siku ya sikukuu. Hebu fikiria, pesa ya 1% ya shirika la umeme, na watu wenyewe waliokuwa wakiokota takataka za chuma nyumbani kwao kazi yao imeingia kwenye mali ya jiji. Mama aliposikia akasema kumbe hata mafundi wetu wa majiko ya mkaa wangepata nafasi hapa, na mimi naamini kabisa wangepata.

Sasa huo umeme ndo umeleta na kesi. Wateja wa Seattle City Light, shirika la umeme la jiji, walienda mahakamani wakasema sisi tunalipa bili ya umeme, hatulipi bili ya sanamu, na mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya jimbo ikasema sheria ya 1% iko sawa ila sanaa inayolipiwa na pesa ya shirika la umeme lazima iwe na uhusiano wa karibu na kazi ya shirika lenyewe. Nimeifikiria sana hii. Mlipa bili namuelewa, pesa yake ina kazi yake. Lakini matokeo yake ni kwamba pesa inakuwa na kamba mguuni, huwezi kuichukua ya umeme ukaipeleka kwenye uwanja wa watoto ambao unaihitaji zaidi. Na hapo ndo nyota moja niliyokata inapoanzia: pesa inafuata ujenzi. Pakijengwa barabara mpya na bustani mpya sanaa inakuja, mtaa ambao jiji halina mradi mkubwa unakaa unasubiri. Sisi tunaokaa kusini ya mji, na ndo waafrika mashariki wengi tuko huko, tunajua kusubiri kunavyokuwa. Jiji lina vyanzo vingine, ofisi ya sanaa inapata pesa kwenye kodi ya viingilio vya shoo, hiyo angalau haijafungwa na zege, lakini ile nguvu ya sheria ya 1973 iko kwenye ujenzi na lazima tuseme hivyo.

Turudi kwenye swali la mama, kung'arisha. Jiji lina kazi kama 400 zilizosimama mahali pamoja na nyingine karibu 3,000 za kubebeka, picha za ukutani, vinyago vidogo, vitambaa. Zote zimeandikishwa, kila moja ina rekodi yake, na kuna watu kazi yao ni kuzikagua, kuziosha, kuzitengeneza. Hizo za kubebeka nazijua kwa macho yangu maana nimefanya usafi wa usiku miezi kadhaa kwenye majengo ya ofisi mjini na kwenye korido za jiji picha hazikai milele, zinazungushwa. Kuna moja ya mikono ya mwanamke anamenya kitu, mikono tu, sura huioni, nilikuwa nikifika pale saa saba usiku nazima mashine ya kunyonya vumbi naiangalia dakika mbili. Siku moja nikakuta ukuta una picha nyingine. Niliumia kidogo kwa kweli, halafu nikawaza kuna mtu wa usiku kwenye jengo jingine sasa hivi anaiangalia yeye. Nani alipanga mfanyakazi wa usiku naye awe na picha yake? Kuna mtu alikaa akalifikiria hilo.

Na nawaambia kwa nini hili la matunzo linanikaa rohoni. Miaka kumi na kitu iliyopita nyumbani tulikuwa vijana saba, tulichora ukuta wa kituo kimoja cha daladala, wavuvi, mama lishe, watoto wa shule, tulichanga rangi wenyewe wiki tatu tunachora jua linatuwakia. Ruhusa tulipewa kwa mdomo. Haukupita mwaka wa pili tukakuta ukuta umepakwa rangi moja ya tangazo la kampuni, uso wa bibi mmoja muuza vitumbua tuliyemchora kwa mfano wake halisi umefunikwa mpaka kidevuni, juu bado yanaonekana macho. Nikaenda ofisi moja wakaniambia sio kwetu nenda ya pili, ya pili wakanirudisha ya kwanza. Hakuna karatasi hata moja duniani inayosema ule ukuta ulikuwa na mchoro. Yule bibi alituuliza nimekosea nini. Kwa hiyo nikiona jiji lina daftari la kila kazi na jina la msanii na mwaka, mimi sioni urasimu, naona bibi wa vitumbua hawezi kufutwa hivi hivi bila mtu kujibu.

Mambo ya ajali yapo pia lakini wanayasimamia. Yule jitu la chuma jeusi linalogonga nyundo mbele ya Seattle Art Museum, Hammering Man la Jonathan Borofsky, lina urefu wa futi 48, pesa yake ilichanganywa, ya 1% na ya wafadhili. Mwaka 1991 wakati wanalisimamisha mkanda ulikatika likaanguka barabarani, likarudishwa kutengenezwa na likasimama mwaka uliofuata, 1992. Sasa linagonga mara nne kwa dakika taratiibu, na sikukuu ya wafanyakazi ya mwezi wa tisa linapumzishwa. Mama alilihesabu kabisa na saa ya mkononi, akasema huyu angalau kapewa likizo.

Kitu kinachochanganya watu, na hata wenyeji wanakosea, sio kila sanaa unayoiona Seattle ni ya jiji. Sanaa za stesheni za treni ni za Sound Transit, za uwanja wa ndege ni za mamlaka ya bandari, wana programu zao. Lile zimwi chini ya daraja Fremont, la 1990, lilitoka kwa watu wa mtaa wenyewe na baraza lao la sanaa. Na sanamu ya Lenin iliyoko huko huko Fremont ni mali binafsi, ndo maana mwaka 2017 meya aliposema iondolewe haikuondoka, jiji halina mkono hapo. Kwa hiyo ukitaka kulalamika au kusifu jua kwanza unamwambia nani. Mimi ningependa sana waweke ramani moja inayounganisha mamlaka zote, mtu wa kawaida hajali mpaka wa ofisi, anajali kilicho mbele ya macho yake.

Kama unakuja kutembea nenda hivi. Anzia Volunteer Park kwenye Black Sun ya Isamu Noguchi, duara kubwa la jiwe jeusi la 1969, hata sheria ya 1% ilikuwa bado, chungulia kwenye tundu unaona Space Needle, ule mnara maarufu wa Seattle, umekaa katikati. Shuka Broadway kwenye nyayo. Halafu mjini angalia chini tena, kuna mifuniko ya chemba ya chuma ya Anne Knight, ya miaka ya 1970, imechorwa ramani ya katikati ya mji, majengo maarufu yana alama zake na maelezo yanazunguka ukingoni. Mama alipiga goti akafuata mtaa kwa kidole mpaka akafika tuliposimama, akaniita, "Njoo uone, tuko hapa." Mfuniko wa chemba jamani, kitu ambacho kwetu kikiibiwa usiku mtu anavunjika mguu asubuhi.

Yote bure, hamna tiketi. Wasanii wa kwetu mlioko huku, wachoraji wa tingatinga, wachongaji, mafundi wa kushona, matangazo ya kuomba kazi yanatolewa wazi kwenye websaiti ya ofisi ya sanaa, someni masharti ya kila moja maana yanatofautiana. Na wasio wasanii ombeni kukaa kwenye majopo, mtaa wako ukijengewa kitu uwepo mezani.

Nyayo za Broadway nendeni kukiwa kukavu, shaba ikilowa inateleza, na kama unamleta mzazi mvalishe viatu vya soli ya mpira maana akiiona Rumba hutaweza kumzuia.