Miezi 14 ya Kijerumani kwenye simu: nilichofuta na nilichobaki nacho

Mimi ni muuguzi. Naishi Umoja, Nairobi, na kazi yangu iko upande wa pili wa jiji, kwa hivyo kwenda na kurudi hunila karibu saa tatu kila siku ndani ya matatu. Nilipoamua kujifunza Kijerumani, saa hizo ndizo zilikuwa darasa langu. Ninayoandika hapa ni ya mtu aliyejifunza kwa simu, spika za masikioni na pesa zinazobaki baada ya kodi na karo ya mdogo wake.

Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira kule Berlin, na wodini kwetu hadithi ikawa ni hiyo. Muuguzi anayetaka kutambuliwa kikamilifu kule kwa kawaida hudaiwa kiwango cha B2. Ngazi za kuijua lugha ni sita, kuanzia A1 ya chini hadi C2 ya juu, na mimi nilianzia sufuri.

Nilianza na programu moja ya simu, ile aina ya michezo na alama. Nilikaa nayo siku 160 bila kuruka hata moja. Kisha mwenzangu wa zamu, dada aliyekuwa amepita B1, akaniuliza tukiwa tunabadilishana zamu: “Was hast du gestern gemacht?” Ulifanya nini jana? Kila neno nililijua. Mdomo haukufunguka. Siku zote hizo nilikuwa nimechagua jibu kati ya majibu manne, wala sijawahi kutunga langu. Nikiona jibu sahihi nalitambua, lakini kulitoa kichwani mwangu ni kazi nyingine kabisa. Niliifuta programu usiku huohuo, na tangu hapo kila nyenzo naipima kwa swali moja: itanilazimisha kusema au kuandika kitu ambacho hakijaandikwa mbele yangu?

Swali hilo nililisahau mara moja, na likanigharimu shilingi 6,500. Kozi ya mtandaoni iliahidi B1 kwa wiki nane. Nikatuma pesa kwa M-Pesa, nikaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la watu zaidi ya sabini, tukawa tunatumiwa kurasa zilizopigwa picha. Hakuna aliyesoma sentensi yangu hata moja, na pesa hazikurudi. Siku hizi kabla ya kulipa nauliza darasa lina wanafunzi wangapi, nitazungumza dakika ngapi kwa wiki, na nani atasahihisha maandishi yangu. Anayekwepa hilo la mwisho simlipi.

Sasa vile nilivyobaki navyo.

Cha kwanza ni Nicos Weg ya Deutsche Welle. Ni ya bure, inaanzia A1 hadi B1, na inafuata kijana Mhispania aliyefika Ujerumani akiwa hajui vizuri lugha. Video zinakula data, kwa hivyo nazitazama Jumamosi penye wifi. Kila kipande nakitazama mara mbili, kisha nazima simu na kusimulia kwa sauti kilichotokea.

Deutsche Welle hiyohiyo ina taarifa ya habari inayosomwa polepole, Langsam gesprochene Nachrichten, pamoja na maandishi yake. Hapa kuna njia ninayompa kila mtu anayeniuliza. Asubuhi nasikiliza kwanza habari za Idhaa ya Kiswahili ya DW, ambayo imekuwa hewani tangu 1963. Nikishajua dunia imeamkaje, nasikiliza taarifa ya polepole ya Kijerumani. Kisa nakijua tayari, kwa hivyo sikio linabaki na kazi moja tu, kushika maneno. Kufikia mwisho wa Jogoo Road nimesikiliza taarifa moja mara tatu.

Kwa msamiati natumia Anki, programu ya kadi za maneno, ambayo ni bure kwenye Android na kwenye kompyuta. Inakurudishia kadi pale tu unapokaribia kulisahau neno. Lakini Anki ni kisanduku kitupu, faida yake inategemea unachoandika ndani. Mwanzoni niliandika “Tisch, meza” na nikawa nasahau kila mara kama ni der, die au das, yaani jinsia ya neno kwa Kijerumani. Walimu wengi wanasema jinsia za maneno ya Kijerumani hazina mantiki, zikariri tu. Sisi tuliokulia kwenye Kiswahili tunajua njia nyingine. Hakuna mtoto wa kwetu aliyekariri kwamba kiti ni ngeli ya KI-VI. Alisikia kiti changu kipya, viti vyangu vipya, upatanisho ukamkaa masikioni. Basi nikazifuta kadi zote 400 na kuziandika upya kwa upatanisho: mein neuer Tisch, meine neue Lampe, mein neues Buch (meza yangu mpya, taa yangu mpya, kitabu changu kipya). Mbele naweka picha tu, bila neno. Lazima niseme kifungu kizima kwa sauti kabla ya kugeuza kadi, hata nikiwa nimekaa karibu na dereva. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nasikia kosa kabla sijajua sheria yake. Nafikiri ni faida kubwa tuliyo nayo, na inaniuma kwamba nilijifunza Kijerumani miezi mitano kupitia Kiingereza bila kuikumbuka.

Kisha Tandem, programu inayokukutanisha na mtu anayejifunza lugha yako. Nilipata mama mmoja mstaafu wa Leipzig anayetaka Kiswahili. Tuna nusu saa ya Kijerumani, nusu saa ya Kiswahili. Mara ya kwanza aliniandikia tuonane “halb acht” jioni, saa za kwao. Nikaona acht ni nane na halb ni nusu, nikapiga hesabu ya saa 8:30 za Ujerumani. Halb acht ni nusu kuelekea nane, yaani 7:30. Ilikuwa Januari, sisi tuko mbele yao kwa saa mbili, hivyo alikuwa akiningoja saa tatu na nusu usiku wetu. Mimi nikatokea saa nne na nusu. Alikuwa bado yupo, ana wasiwasi kwamba nimeugua. Neno hilo nililikuta mara nyingi kwenye mazoezi na kulipatia kila mara, kwa sababu picha ya saa ilikuwa pembeni. Tangu jioni ile sijalikosea.

Mwalimu nilimchukua mwishoni, na ningemchukua mapema zaidi. Ni kijana aliyesomea Kijerumani chuo kikuu hapa Nairobi, namlipa shilingi 800 kwa saa, kwa njia ya video, mara moja kwa wiki.

Mtihani wa B1 niliufanyia Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni. Una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila moja inataka alama 60 kwa 100. Mazoezi yao ya bure kwenye tovuti yanafanana na mtihani kwa muundo na muda, usiende bila kuyafanya. Nilipita tatu, nikapata 54 kwenye kuandika. Iliniuma, lakini ilikuwa haki: ndiyo sehemu pekee ambayo hakuna mtu alikuwa ananisahihishia, kwa maana na mwalimu tulikuwa tunazungumza tu. Uzuri ni kwamba unaweza kurudia sehemu moja peke yake. Kwa wiki saba nilimtumia mwalimu barua mbili kila wiki, naye akazirudisha zikiwa nyekundu, hasa vitenzi vyangu baada ya weil (kwa sababu), ambavyo vilikataa kwenda mwisho wa sentensi. Nilirudia nikapata 71.

Sasa niko B2 na sijaongeza nyenzo hata moja. Mama wa Leipzig naye amefika kwenye saa za Kiswahili, na kwa wiki mbili amekuwa akiniuliza kwa nini saa 8 asubuhi kwao sisi tunaiita saa mbili. Desemba anakuja Kenya kwa mara ya kwanza. Ameniandikia kwa Kiswahili kwamba ndege yake itatua JKIA saa moja na nusu usiku. Nimemjibu kwa Kijerumani nitakuwa mlangoni, halb acht.