Mstari umepanda badala ya kushuka, mimi nikaonekana mvivu

Nilikuwa mpiga debe wa hii programu ya kupanga kazi za timu. Tuko wanne, ofisi Njiro, tunatengeneza mfumo wa kuhifadhi nafasi za safari kwa kampuni ya utalii hapa Arusha. Sikuwa na shida nayo mpaka juzijuzi.

Mteja kaja katikati ya sprinti, yaani awamu yetu ya kazi ya wiki mbili. Shikamoo mzee, karibu chai, projekta imewashwa, nikafungua bandauni, grafu ya kazi iliyobaki, aone inavyopungua. Siku nne za mwanzo mstari umetulia kama maji mtungini. Ya tano, ukapanda! Mzee akatua kikombe. "Dada, hapa mnafanya kazi au mnazalisha kazi?" Mbele ya vijana wangu.

Na kazi zenyewe kazileta yeye! Usiku, kwa WhatsApp: malipo kwa simu, ukurasa wa Kifaransa, picha za mahema. Pointi 13, kwa kipimo chetu cha ukubwa wa kazi. Bandauni inahesabu kilichobaki tu, haionyeshi kwamba kuna mzigo ulioongezwa njiani. Anayeonyesha hilo ni banapu: mstari mmoja wa kazi yote, mwingine wa iliyokamilika. Na hawa jamaa banapu wameifungia kwenye kifurushi cha juu, kwa dola.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu: "Grafu inaonyesha mlichoingiza." Basi, hata pole hakuna. Nikawapa nyota moja palepale, nikatoka kutafuta mahindi ya kuchoma.

Hindi lilipofika katikati, hasira ikaanza kunisuta. Zile siku nne mstari ulilala kwa sababu yetu. Kadi moja, yaani kazi moja, ya pointi 8 ilikaa kwenye "inaendelea" siku zote hizo, na kazi ya nusu haihesabiwi. Tungeivunja vipande, mstari ungeteremka. Hapo grafu haikunisingizia, nakiri. Lakini lile jibu lao? Hapana.

Siku hizi banapu naichora mwenyewe ubaoni kwa maka pen. Mzee alipokuja tena akauliza mbona mstari wa juu umeruka. Nikamfungulia WhatsApp yake. Akacheka, akasema, "Basi ongezeni na Kijerumani."

Nyota mbili. Na mwezi huu nimeilipia tena, msiniulize.