Uzoefu wangu: "Dada, tuitie mtu wenu wa IT"

Nawapa nyota moja, na hiyo moja ni ya fundi wa usiku peke yake. Kampuni yenyewe, inayotunza vikoa vya wateja mtandaoni, siitaji jina, kwa sababu fundi huyo bado anapata riziki yake pale na sitaki neno langu limwangukie yeye.

Mimi ndiye ninayeangalia kompyuta, tovuti na barua pepe katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Kazi yetu ni nyaraka. Wakala wa meli anatuma DO, hati ya kuruhusu mzigo utolewe, kwa barua pepe, nasi tunakimbia nayo bandarini. Ikichelewa, kontena linakaa, gharama za kuhifadhi zinapanda, na mteja anatuuliza sisi. Kikoa chetu cha .co.tz kimekaa kwenye seva za majina za kampuni hii, ns1 na ns2, zinazoelekeza watu ilipo tovuti yetu na barua zetu ziende wapi, kwa miaka kadhaa na hatukuwahi kugombana. Hilo lazima niliseme, haki yao.

Asubuhi moja, wiki chache zilizopita, barua zikakatika. Nikajaribu tovuti kwa simu yangu, haifunguki. Nikaiuliza ns1, kimya. Nikaiuliza ns2, kimya. Seva zote mbili za majina zimekufa kwa pamoja, na hazitakiwi kufa kwa pamoja. Ndiyo maana ziko mbili.

Nikapiga simu. Kijana aliyepokea alinisikiliza nusu, akaandika anwani yetu kwenye kompyuta yake, akasema, "Dada, mbona kwangu inafunguka?" Nikamweleza kwamba kwake inafunguka kwa sababu seva ya ofisini kwao bado imeshika jibu la jana. Majibu yetu tumeyapa uhai wa saa 24, kwa hiyo aliyetutafuta jana jioni anaendelea kutuona, na kwa asiyewahi kututafuta hatupo kabisa. Nikamwomba aiulize ns1 moja kwa moja. Akanyamaza kidogo, kisha kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto akasema, "Dada yangu, haya mambo ni ya kitaalamu. Tuitie mtu wenu wa IT tuongee naye."

Nikamwambia mtu wa IT ni mimi. Akacheka. "Basi mpe simu bosi wako."

Nina miaka kumi na moja katika kazi hii. Nimevuta nyaya juu ya dari za ofisi kwa mikono yangu. Kile kicheko sijakisahau mpaka leo, na nakiri kwamba kinachangia ukali wa maneno haya. Lakini hata angenipamba kwa heshima zote, kilichofuata kingenikasirisha vile vile.

Baada ya saa nzima hivi seva zikarudi. Nikaiuliza ns1 swali ambalo mteja yeyote anaweza kuuliza, yaani inatumia toleo gani la BIND, programu inayoendesha seva za majina: dig @ns1 version.bind txt chaos. Ikajibu 9.8.2rc1-RedHat, na mwishoni el6. Nilikaa nikiutazama mstari ule. Najua watu wa Red Hat, watengenezaji wa mfumo endeshi wa Linux, huchukua toleo la zamani la BIND na kulishonea viraka vipya vya usalama bila kubadilisha namba ya mbele, kwa hiyo namba kuukuu peke yake si ushahidi wa uzembe. Hapa utetezi huo haupo. El6 ni familia ya CentOS 6, mfumo endeshi wa seva, ambayo iliacha kupewa viraka mwishoni mwa Novemba 2020. Na namba ndogo za nyuma zilionyesha kifurushi cha kabla ya Julai 2015.

Anayetunza BIND anaujua mwezi huo. Ndipo ISC, wanaoitengeneza, walipotangaza CVE-2015-5477: kosa katika kushughulikia maombi ya TKEY, ya kupatana funguo za siri, ambapo pakiti moja tu ya data, kutoka kwa mtu yeyote, inaifanya named, yaani BIND yenyewe ikiwa kazini, ijizime. Kuweka orodha ya wanaoruhusiwa kuuliza hakusaidii, maana pakiti inasomwa kabla orodha haijaangaliwa. Dawa ni moja, kusasisha. ISC walitoa kiraka siku hiyo hiyo waliyotangaza, bure. Programu hii siilaumu hata kidogo. Wenyewe wanasema kasoro zao hadharani na kutoa dawa. Aliyepewa dawa akaiacha kabatini ndiye ninayemlaumu.

Siku tatu mfululizo ikawa hivyo. Seva zinakufa, napiga simu, wanaziwasha, zinakufa tena. Kila mara naambiwa, "Tayari dada, imewaka." Siku ya pili DO moja ikaingia kwetu jioni, wakala wa meli akiwa ameituma asubuhi, na kontena la mteja likalala.

Usiku wa tatu simu ikaita, karibu saa tano. "Shikamoo dada, samahani kwa saa hizi. Mimi ni fundi wa zamu, nimeikuta tiketi yako." Nikamwambia afungue kumbukumbu za named aniangalizie mistari ya mwisho kabla ya kuzima. Akanisomea polepole: message.c, REQUIRE, kisha imejizima. Ndiyo alama ya kosa lile la 2015. Wote wawili tukanyamaza. Akasema aliwahi kuomba ruhusa ya kuhamisha seva hizo, akajibiwa kwamba zimekaa miaka yote bila shida, kinachofanya kazi kisiguswe.

Kukaa miaka si ushahidi wa usalama. Kasoro ya KeyTrap, iliyotangazwa Februari 2024, ilikuwa imejificha ndani ya kanuni za DNSSEC, mfumo wa kuthibitisha majibu ya seva za majina, kwa zaidi ya miaka 20, na hakuna aliyeiona.

Fundi yule wa usiku hakusubiri ruhusa tena. Aliandaa mashine mpya ya AlmaLinux 9, mfumo endeshi wa kisasa, akanakili faili za vikoa, akapitisha named-checkconf ya kukagua mipangilio, akarekebisha kosa, akapitisha tena. Mimi niko kwenye simu namtajia rekodi zetu moja moja: A ya tovuti, MX ya barua pepe, na TXT. Adhana ya alfajiri ilitukuta tukiwa bado tunahakiki. Nilipoiuliza ns1, ikajibu 9.16.23-RH. Machozi yalinilenga. Asubuhi ile nilikuwa nimeshaandika kichwani nyota nne, na kile kicheko nilikuwa tayari kukisamehe.

Kisha nikaiuliza ns2. 9.8.2rc1, el6.

Nikafungua tiketi. Jibu la mchana, si la fundi: "Ndugu mteja, ns1 imeboreshwa na inatosha. Ns2 ni ya akiba." Ya akiba! Anayetafuta jina letu anaweza kuanza na yoyote kati ya hizo mbili, hakuna kuu wala akiba. Isitoshe anwani zao zinafuatana, moja inaishia .10 na nyingine .11, mtandao mmoja, nadhani hata rafu moja. RFC 2182, mwongozo wa kiufundi wa intaneti wa mwaka 1997, inashauri seva hizi ziwekwe mahali tofauti na mitandao tofauti, ili pigo moja lisizizime zote.

Na kuzimika si baya kuliko yote. Kosa lile la 2015 huzima tu, halimpi mtu funguo. Lakini mashine isiyopata kiraka kwa miaka yote hiyo ina milango mingine. Atakayeiteka ns2 hahitaji nywila zetu. Atabadilisha rekodi ya MX, na barua za mawakala wa meli zitakwenda kwake, zikiwa na ankara na akaunti za benki za wateja wetu. Nimewaandikia maneno haya haya, mara mbili. Sijajibiwa.

Kwa hiyo nimerudi kwenye nyota moja. Nilitaka kuwaonea huruma, maana najua kampuni ndogo huwa na mafundi wachache na kazi nyingi, ila aliyeandika "inatosha" hakuwa amechoka. Hakutaka.

Leo asubuhi kabla ya chai nimeiuliza ns2 tena. El6. Fomu ya kuhamisha kikoa nimeshaipeleka kwa msajili, na seva mpya mbili nimezijaribu, ziko kwenye mitandao miwili tofauti. Fundi wa usiku, siku akihama kazi, anipigie. Namba yangu anayo.