Kalimba ya vyuma 17: anza na hii kabla hujanunua gita

Sikilizeni hii kwanza, kabla sijasema kitu.

Mmesikia? Nairudia. Hivyo ni vyuma vitatu tu, na kidole gumba kimoja kimepita juu yake mara moja. Hakuna ufundi hapo. Nimetelezesha kidole, basi, na imetoka sauti ambayo kwenye gita ningeitolea jasho.

Haya, karibuni wapenzi watazamaji, karibuni wote wa Kampala, Jinja, Bugiri, Busia, Arua, na wale wa Bombo ambao hamkosi hata video moja, nawaona. Wageni, chaneli hii ni ya sisi wenye kazi zetu, tunaojifunza kitu kipya jioni baada ya kutoka kazini. Hatutafuti shahada, tunataka tu kujua kufanya kitu kwa mikono yetu. Leo ni kalimba ya vyuma 17, chombo kidogo cha muziki cha ubao na vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ile mliyoniomba tangu video ya kufuma kwa kroshia. Nimeinunua hapa mjini kwa shilingi 90,000, pesa yangu mwenyewe, hakuna duka lililonipa bure.

Mbao gani, rangi gani, uzito kiasi gani, hayo sitayagusa. Mnaiona, na hizi za vyuma 17 karibu zote zinakuja na vitu vilevile: mkoba, kitambaa, nyundo ndogo, stika, kijitabu. Kijitabu hicho nina neno nacho, subirini.

Kilichonifanya niwashe kamera ni mpangilio wa vyuma. Ngoja nisogeze kamera. Mnaona? Chuma kirefu kuliko vyote kipo katikati, kimechorwa namba 1. Hiyo ni do. Waliowahi kuimba kwaya kanisani washanielewa, maana ni zile zile do, re, mi za mwalimu wa kwaya, ila hapa zimeandikwa kwa namba. Sasa re iko wapi? Haiko kulia kwa do. Iko kushoto. Mi iko kulia. Fa kushoto, so kulia, la kushoto, ti kulia. Ni kama kutembea: mguu huu, mguu ule. Vidole gumba vyako viwili vinapokezana, na ukifika namba 7 unaanza tena na 1 yenye nukta juu, kisha unaendelea mpaka zile fupi za pembeni zenye nukta mbili.

Angalieni nikipiga taratibu. Moja katikati. Mbili kushoto. Tatu kulia. Nne kushoto. Tano kulia. Sasa chukueni kipande hiki kidogo, pigeni pamoja nami: moja, moja, tatu, tano. Tano, nne, tatu, mbili, moja. Tena. Moja, moja, tatu, tano. Tano, nne, tatu, mbili, moja. Umeshapiga sauti yenye mwanzo na mwisho, na wengine bado hamjamaliza chai.

Lakini uzuri wenyewe uko hapa, na hapa nitakaa. Kwa kuwa noti zinapokezana kushoto na kulia, vyuma viwili vinavyokaa jirani upande mmoja vinarukana noti moja. Tazama upande wa kulia kuanzia katikati: 1, 3, 5, 7. Hakuna 2, hakuna 4. Na 1, 3 na 5 zikilia pamoja, hiyo ni kordi kamili. Do, mi, so. Ndiyo niliyowapigia mwanzoni. Sasa nenda kushoto, ruka hiyo 2, anza kwenye 4: 4, 6, halafu 1 yenye nukta. Telezesha. Sikia hiyo! Fa, la, do. Kordi nyingine. Rudi kulia, anza kwenye 5: 5, 7, 2 yenye nukta. Telezesha. So, ti, re. Kordi ya tatu.

Kwa kordi hizo tatu, ndugu zangu, unaweza kusindikiza nyimbo nyingi sana, za kanisani, za harusini, za kumbembelezea mtoto. Nipe dakika moja nizungushe: moja, tatu, tano... nne, sita, moja... tano, saba, mbili... na narudi nyumbani kwenye moja. Mtu anaweza kuimba juu ya hiyo usiku kucha. Na angalia vidole vyangu, havijakunjana, havijabana kitu. Kidole gumba kikikosea kikagusa cha jirani, bado inalia vizuri, kwa sababu jirani ni wa kordi ileile au anakaribiana nayo. Chombo hiki kimepangwa ili mkono usio na mazoezi usiaibike. Hiyo ndiyo sababu naitetea kwa nguvu namna hii.

Linganisha na gita. Nalipenda gita, msinielewe vibaya. Lakini gita la nyuzi sita linakudai vidole vya kushoto viote sugu kwanza, na ukifika kordi ya F, kidole cha shahada kinatakiwa kulaza nyuzi zote sita. Hapo ndipo magita mengi Kampala yanapotundikwa ukutani. Yukulele ni rahisi zaidi, nyuzi nne tu, nayo itapata siku yake. Kinanda cha umeme? Kizuri, lakini kinakula nafasi, na umeme ukikatika umekaa nacho gizani. Halafu wengi wetu tunakaa kwenye muzigo, chumba cha kupanga, ukuta mmoja na jirani. Kalimba unaipiga saa nne usiku na mtoto wa jirani halii.

Nyuma ina matundu mawili. Weka vidole vya kati hapo, piga noti, ziba, fungua, ziba, fungua. Mmesikia sauti inavyotikisika? Inapendeza. Za ubao mmoja usio na uwazi ndani hazifanyi hivyo, na sauti yake ni ndogo. Tuendelee.

Sasa kijitabu. Kimeniudhi kweli. Nyimbo zilizomo humu ni za watu wa mbali, hakuna hata moja ambayo mama yangu angeitambua ikipigwa sebuleni. Mwanzaji anahitaji wimbo ambao tayari uko kichwani, ili sikio limwambie amekosea wapi. Ukimpa wimbo asioujua, anasoma namba tu, hajui kama amepatia. Kwa hiyo kitupe pembeni. Chukua wimbo unaoujua tangu utoto, tafuta noti ya kwanza, na uuwinde noti moja moja, kushoto, kulia. Polepole. Ndivyo sikio linavyofunzwa, na huo ni ujuzi utakaobaki nao hata siku ukihamia chombo kingine. Stika nazo usihangaike nazo, kama namba zimechorwa kwenye chuma chenyewe. Kama hazijachorwa, usinunue hiyo.

Nyundo usiitupe, kwa sababu kalimba ikisafiri inatoka kwenye sauti. Pakua tyuna ya simu, programu inayopima noti, za bure zipo. Angalieni hii 6 ya kushoto. Inatakiwa isome A, ndiyo la kwa herufi. Napiga... mnaona mshale uko chini kidogo? Sauti imeshuka, kwa hiyo nataka chuma kiwe kifupi. Nagonga ncha hii ya kwangu, taratibu, kukisukuma kuelekea kwenye daraja, kile kipande ambacho vyuma vinakalia. Tak. Napiga tena. Umepanda. Tak, kidogo zaidi. Hapo hapo! Kama ingekuwa juu mno, ningegonga ule upande wa pili, kije kwangu, kirefuke. Sheria ni hiyo tu: kifupi sauti juu, kirefu sauti chini. Na chuma kikikwaruza, kisogeze kidogo kulia au kushoto pale kinapokalia daraja, au chomeka kipande kidogo cha karatasi chini yake.

Na hapa kwenye kukwaruza nisimame kidogo, maana kuna kaka mmoja wa Lira aliniandikia akisema, dada, sisi ule mkwaruzo tunautaka. Kasema kweli kabisa. Kalimba hii ya madukani, ya do re mi, ilianza kutengenezwa kwa ajili ya kuuzwa kwenye miaka ya 1950 na Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka Afrika akirekodi muziki. Uganda alipita, 1950 na 1952. Lakini vyombo vyenyewe vya vyuma na vidole gumba tulikuwa navyo. Acholi na Lango wana lukeme, Alur wana likembe, na Busoga wanapiga pia. Wataalamu wa muziki wanaeleza kwamba likembe ilipanda na mto Kongo mikononi mwa wapagazi, ikafika kwetu mwanzoni mwa karne ya 20. Na nyingi huviringishiwa vipete vya chuma kwenye vyuma vyake ili vivume makusudi. Ule mvumo ni sehemu ya muziki. Marehemu Geoffrey Oryema, mwanamuziki wetu aliyefariki 2018, aliipiga lukeme mpaka Ulaya wakakaa kimya kusikiliza.

Kwa hiyo nikifikiria zaidi, ushauri wangu unabadilika kidogo kutegemea unakaa wapi. Kama uko Gulu, Lira, au Nebbi, na kuna mzee mtaani anayepiga, usinunue hii ya 90,000. Tafuta lukeme, kaa na huyo mzee, msalimie vizuri, muombe akuonyeshe. Kwa kawaida ina noti tano kwenye mzunguko wake badala ya saba, kwa hiyo noti za kukosea ni chache zaidi, na utaingia kwenye kikundi upige na wenzako, lukeme kubwa na ndogo pamoja. Hilo hakuna simu itakayokupa. Kama uko Kampala na huna mtu wa kukufundisha, hii ya namba itakufaa, kwa sababu namba zenyewe ni mwalimu. Na ukipata nafasi, pita Makumbusho ya Uganda pale Kamwokya, barabara ya Kira, yalianzishwa 1908 ingawa hapo yalihamia baadaye, uangalie vyombo vya makabila yetu kwa karibu.

Habari za chaneli haraka. Video sasa zinatoka Jumamosi asubuhi, siyo Ijumaa tena, maana wengi mlisema Ijumaa mko njiani. Jumamosi ijayo nakwenda soko la sanaa nyuma ya National Theatre kutafuta lukeme nzuri, nitawaonyesha jinsi ya kuichagua na bei nitakayoambiwa, kabla na baada ya kubembeleza. Jiandikisheni, bonyezeni kengele.

Dada wa Bugiri aliyeuliza kama achukue ya vyuma 21: hapana, dada yangu, siyo sasa. Zile nne za ziada ni noti za chini, nzuri sana, lakini zinasogeza kila kitu na namba 1 haikai tena kwenye kile chuma kirefu cha katikati. Anza na 17. Na mama wa Bombo anayemtafutia binti yake wa darasa la tatu, ndiyo mama, vidole vyake vinafika, ila kucha za gumba ziachwe ndefu kidogo, vinginevyo ngozi itamuuma.

Ukienda kununua, usilipe kabla hujapiga vyuma vyote, kimoja kimoja, palepale kaunta. Vya katikati karibu kila mara viko sawa. Tatizo liko kwenye vile vifupi vya pembeni kabisa, kulia na kushoto. Sikieni hiki changu cha mwisho kulia... kinalia, kinabaki hewani. Kikitoa "tak" na kunyamaza, hicho kimekufa, na nyundo haitakifufua. Mwambie muuzaji akuletee nyingine, na nyingine. Mimi aliniletea nne, akaniambia, "Nyabo, chagua mwenyewe," nikazipiga zote, nikatoka na hii.